Namba Kumi na Nne

Pangani,
9 Septemba 1957

Kijana wangu Noa Shemhilu,

Nakusalimu wewe na darasa zima, na hata wale wa dawati la nyuma wanaojifanya wanaandika ninapopita. Nimefika nyumbani salama. Kila anayeniona sokoni Septemba hii huniuliza kama chuo kimefungwa, nami humjibu kwamba nimepewa mapumziko. Ni neno zuri. Bwana Mkuu ndiye aliyelichagua.

Nadhani hamjaambiwa kitu, kwa hiyo nakueleza wewe uliye kiranja wao. Mnakumbuka mwezi wa nane mliandikishwa ukurasa mmoja, “Maoni Yangu juu ya Mwalimu wa Insha na Ufasaha”, bila majina, kwa namba za mtihani. Mkaguzi ndiye aliyeyataka maoni hayo. Karani Eliudi akaambiwa ayapige taipu, naye kwa uvivu wake hakuona sababu ya kupiga kurasa ishirini na mbili. Alipiga sentensi ya kwanza ya kila mmoja, basi.

Sasa kumbuka nilivyowafundisha. Ukitaka kumsifu mtu na usadikiwe, tanguliza kasoro yake moja, msikilizaji aone humpendelei. Mmenitii wote ishirini na wawili! Sijapata kuwa na darasa tiifu namna hii. Nimewekewa mbele karatasi ndefu ya kasoro tupu: Mwalimu huchelewesha madaftari, Mwalimu humcheka anayekosea, Mwalimu hupenda kujisikiliza. Nilicheka mbele ya Bwana Mkuu, na kucheka huko nako kumeandikwa. Nilimwomba asome yaliyofuata. Akasema amesoma, na kwamba sifa zinafanana mno, bila shaka nilizifundisha mwenyewe.

Hayo yote si kitu. Tatizo ni namba kumi na nne. Ameandika hivi: “Alhamisi mbili Mwalimu alituacha peke yetu saa ya insha, akaenda kwenye mkutano wa chama mjini.” Noa, wewe ulikuwepo. Tangu nianze kazi mwaka wa arobaini sijaacha kipindi. Lakini unajua mtumishi wa Serikali haruhusiwi kujiunga na chama cha siasa, na sentensi ile peke yake inatosha kunifukuzisha. Mkaguzi atakuja tarehe 14 Oktoba kuamua. Orodha ya namba iko ofisini, mimi sijaiona.

Mtafute huyo namba kumi na nne, taratibu, bila kumwaibisha. Simtakii mabaya. Nataka aende mwenyewe aseme amekosea. Nimekuchagua wewe kwa sababu ndiye ninayekuamini.

Wako,
Idarusi Mwinyijuma


Chuoni,
13 Septemba 1957

Mwalimu wangu mpendwa, shikamoo.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa utingo wa basi la Pangani, nami kwa njia hiyohiyo naileta hii, maana barua zetu za posta hupita ofisini kwanza. Darasa linakulilia. Tumepewa Bwana Mkami wa hesabu atufundishe insha. Yeye hutuandikisha barua za kuomba ruhusa, tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Tumeshaomba ruhusa za kila namna.

Juzi tulikwenda darasa zima kwa Bwana Mkuu kumwambia kwamba hukuacha kipindi hata kimoja. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani aliyetutuma, na ni nani aliyetupanga nani aseme kwanza na nani amalize.

Kuhusu namba kumi na nne, nimeuliza. Kila mmoja anakana. Sina la kukuambia, Mwalimu. Ila nafikiri, kama wazo langu lina maana, kwamba huyo aliyeandika pengine hakukusudia ubaya. Pengine alitafuta kasoro yako asiipate, na hizo ndogondogo za madaftari akaziona za kitoto, akabuni kosa la kupendeza, kosa ambalo kijana yeyote akilisoma atakuona mkubwa zaidi. Nawaza tu.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Noa Shemhilu


Pangani,
17 Septemba 1957

Noa,

Kosa la kupendeza! Umeniwazisha siku nzima. Umemtetea vizuri kuliko atakavyoweza kujitetea mwenyewe. Lakini moyo wangu unaniambia ni Zubeiri. Mwezi wa saba nilimkaripia mbele ya wenzake kwa kunakili insha ya kaka yake, na tangu hapo hanitazami machoni. Babake ni mtu wa Kigombe, tunafahamiana. Nimemwandikia leo, amwulize mwanawe kwa upole.

Bwana Mselem amenipa kazi ya kuandika magunia ya nazi kavu ghalani kwake nikisubiri. Kazi si ngumu. Anayenipa tabu ni jirani zangu, wanaoniamkia kwa huruma kila asubuhi kana kwamba nimefiwa. Natembea kutoka nyumbani mpaka ghalani na kurudi, njia moja, na naona mji umekuwa mdogo sana.

Mke wangu Mwatumu ameng'ang'ania aandike hapa chini. Namwachia kalamu.

Idarusi

Mwanangu Noa, mie mamako nakusalimu. Nilimwambia Mwalimu tangu pale, usikubali hata neno moja, twende mpaka Dar es Salaam ikibidi. Huyu hajapata kwenda mkutano wowote, hata harusini huenda kwa kuvutwa. Nasikia unahangaika kwa ajili yetu. Mungu akulipe. Likizo ukija, kile chumba cha uani ni chako kama mwaka jana, na watoto wanakuuliza. Nimekufungia kashata, muulize utingo, asikwambie zimepotea.
Mwatumu


Chuoni,
22 Septemba 1957

Dada Yudith, shikamoo. Na baba mwambie shikamoo yake.

Nakuandikia wewe peke yako, kwa mkono wa utingo, si kwa posta. Usimsomee baba.

Namba kumi na nne ni mimi. Nilikueleza habari za Mwalimu Idarusi kusimamishwa, sikukueleza kwamba mimi ndiye niliyemsimamisha. Niliandika uongo dada. Sikuwa na chuki hata chembe. Nilitaka ukurasa wangu uwe bora kuliko wa wote, basi! Sifa zilizofuata zilikuwa nzuri hata mimi mwenyewe zilinitoa machozi, na hakuna aliyezipiga taipu.

Ijumaa Bwana Mkuu aliniita. Alikuwa na orodha ya namba mezani. Akasema mimi peke yangu nimeandika jambo la kweli lenye uzito, wengine wamecheza. Akanipa mkono. Mkaguzi akija natakiwa kuandika jina langu chini ya sentensi ile, niape, ndipo Mwalimu aachishwe kazi. Nilitaka kusema palepale. Nikasema, “Ndiyo, Bwana.”

Mwalimu ananiamini mimi nimtafute mwongo. Mkewe ananiita mwanangu, kaniletea kashata, sijaweza kuzila. Na Zubeiri, ambaye hajafanya lolote, jana babake alikuja mpaka hapa akamtandika bakora mbele ya bweni. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikatazama.

Nataka kukiri. Nikikiri nitafukuzwa kwa kusema uongo kwenye karatasi ya Serikali. Niambie nifanye nini.

Nduguyo,
Noa


Shamba la mkonge, Muheza,
27 Septemba 1957

Mdogo wangu Noa,

Marahaba. Baba anasema hajambo, lakini si kweli. Bado yuko chumba cha brashi, wanakosafishia katani kwa mashine, vumbi lake limemkaa kifuani, akikohoa anashika ukuta. Nyapara amemwambia mwaka ujao hapana, watachukua wenye mapafu. Na nyumba hii ni ya kampuni. Asipofanya kazi tunatoka.

Tulishuka toka Bumbuli watu watano, tumebaki watatu. Baba anahesabu kwa vidole, Oktoba, Novemba, Desemba, Noa anatoka mwalimu, tunahamia kwake. Anawaambia wote kambini, mpaka Wamakonde wanaijua tarehe yako. Na wewe unataka uniulize ufanye nini?

Umefanya kosa, ni kosa baya, nakuambia bila kukuficha. Ningekuwa karibu ningekupiga. Lakini Mwalimu wako ana kwao, ana nyumba ya babake, ana watu. Sisi tuna wewe. Nyamaza, Noa. Andika hilo jina umalize, kisha utubu kwa Mungu, yeye hakufukuzi chuo.

Nimekasirika nalia. Sina karatasi zaidi.

Yudith


Chuoni,
2 Oktoba 1957

Mwalimu, shikamoo.

Usiendelee kumfikiria Zubeiri. Namba kumi na nne ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo mara saba nikaichana, kwa sababu kila mara niliiwekea maneno mbele ya kukulainisha. Hii nimeiacha kama ilivyo. Yale niliyokuandikia juu ya kosa la kupendeza yalikuwa yangu mwenyewe, nilijitetea kwako bila kujitaja. Zubeiri amepigwa kwa ajili yangu, nikatazama. Sina cha kujisafishia.

Jumatatu niliandika barua ya kukiri nikampelekea Bwana Mkuu. Nilijua nitafukuzwa, na dada yangu alinikataza, lakini sikuweza kula wala kumtazama mtu. Niliamini kwamba nikishasema kweli, basi mlango utafunguka, hata kama ni wa kunitolea nje. Haukufunguka.

Aliisoma mara mbili. Kisha akasema kwa kile Kiswahili chake cha vitabuni, “Barua hii inaanza na kosa la mwandishi ili msomaji amsadiki. Ni nani aliyekufundisha kuandika hivi?” Nikasema, “Ni Mwalimu Idarusi.” Akasema, “Ndivyo nilivyofikiri.” Nikamwambia sikuipanga, imetoka hivyo yenyewe. Akacheka kidogo. Nikaiacha barua, nikasema kwa mdomo, nimesimama mbele yake, kwamba ulikuwepo Alhamisi zote, kwamba nilibuni, kwamba mimi ni mwongo na nastahili adhabu. Akangoja nimalize akasema, “Unasema vizuri pia.”

Mwalimu, kila ninachosema kina alama yako. Nikiandika vibaya, nimelazimishwa. Nikiandika vizuri, umeniandikia wewe. Niliona nimejifungia chumbani na ufunguo wa kufungulia ni uleule uliofunga.

Halafu akafungua mtoto wa meza, akatoa bahasha yako ya kwanza. Niliiacha ndani ya daftari la insha, Bwana Mkami akaikuta alipokusanya. Ndani hamna barua, barua ninayo mimi, lakini mwandiko wako anaujua. Kwa hiyo anasema ulipokuwa umesimamishwa ulimwandikia shahidi kwa siri. Ameweka mambo mawili mbele yangu. La kwanza, niandike jina chini ya ile sentensi, na chini yake niongeze kwamba kukiri kwangu kulitokana na ushawishi wako. Hapo wewe utaachishwa kazi, yataishia hapo, nami nitafanya mtihani wangu. La pili, nikikataa, nitafukuzwa, na faili lako litapelekwa mahakamani, kwa kosa la kumrubuni shahidi.

Nikikataa nakufunga. Nikikubali nakufukuzisha. Nilitafuta njia ya tatu siku mbili hizi, nikiwa darasani, nikiwa kanisani, nikiwa kisimani. Haipo.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uniambie lipi.

Noa


Pangani,
8 Oktoba 1957

Noa,

Barua yako niliipata Ijumaa. Leo ni Jumanne. Siku zote hizo sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nakutukana, nami sipendi kutukana kwa maandishi.

Sikukujua. Nisingependa udhani kwamba mzee alijua tangu mwanzo akanyamaza kwa busara. Mwandiko wako naujua gizani, lakini sentensi ya taipu haina mwandiko, na wewe ulikuwa mtu wa mwisho. Nilikasirika mpaka nikakosea hesabu ya magunia, Mselem akanicheka. Miaka kumi na saba! Halafu mtoto niliyemlaza nyumbani kwangu ananiua ili ukurasa wake upendeze. Na kilichonichoma zaidi, Noa, ni kwamba ningekuwa nasahihisha, sentensi ile ningeipa alama nzuri.

Zubeiri nimemwomba radhi, na babake. Aibu hiyo nayo umenivisha.

Sasa nakujibu. Tia sahihi.

Usitafute njia ya tatu, nimeshaitafuta mimi. Kazi yangu imekwisha tangu siku ile niliyocheka ofisini, sahihi yako itafunga faili tu. Ukikataa, tunapotea wawili, mimi jela na wewe kwenye mkonge, na hakuna atakayefaidika ila karani wa mahakama. Na usinipambe kwamba ni wema. Naogopa jela. Nina kifua kibaya na watoto watatu. Nikiachishwa kazi nitaandika magunia, nikifungwa nitakufa. Kwa hiyo unaponitilia sahihi unanifanyia jambo ninalolitaka, ingawa nakuchukia kidogo kwa kulifanya.

Nina sharti moja. Mwatumu asijue kamwe kwamba nimekuambia hivi. Amefunga safari ya Dar es Salaam moyoni mwake, ameshauliza mpaka nauli, anaamini tutashinda. Akijua kwamba nimejisalimisha kwa hiari, ataniona nimewauza wanawe ili kumwokoa mtoto wa mtu, na pia kwa woga. Ya kwanza angeweza kuisamehe. Mimi naweza kuishi bila chuo. Siwezi kuishi na Mwatumu akinitazama hivyo. Niachie hilo moja.

Barua hii ichome, na usiniandikie tena. Fanya mtihani wako, baba yako atoke kwenye vumbi lile.

Idarusi


Pangani,
3 Novemba 1957

Bwana Noa,

Mie ni Mwatumu mke wa Mwalimu Idarusi. Mume wangu hajui kwamba nakuandikia, na kalamu hii nimeiazima kwa jirani.

Barua ya kumwachisha kazi ilikuja wiki jana. Aliisoma akaikunja akaitia kwenye kofia yake, akasema basi yamekwisha, tumshukuru Mungu. Mimi nikaitoa kofiani alipokuwa anaoga. Si unajua ni yeye aliyenifundisha kusoma, mwaka ule tulipooana, pale pale barazani, watu wakipita wanacheka. Sasa nimesoma. Kuna karatasi ya pili nyuma. Kuna jina lako chini yake.

Nilidhani ni Noa mwingine. Nikasoma tena. Imeandikwa kwamba mume wangu aliacha wanafunzi akaenda mkutanoni, na kwamba alikushawishi useme uongo kumwokoa. Wewe Noa. Ulikuwa ukila kwangu na wanangu sahani moja. Mwanangu wa mwisho alijifunza kutembea akikushika kidole.

Nilimwuliza, umeona aliyeandika? Akasema ameona. Nikasema, tumwandikie, tuende chuoni, tumwulize mbele ya watu. Akasema hapana, mwache mtoto wa watu. Hakasiriki! Anakaa barazani ananyamaza, mtu akimletea barua amsomee anasoma, asipoletewa ananyamaza. Kimya hicho sikielewi na kinanitisha. Watu wanasema mtu asiyejitetea basi ni kweli. Hata mimi, Mungu anisamehe, juzi nilijikuta namwuliza, zile Alhamisi ulikuwa wapi? Alinitazama, akatoka nje. Tangu siku hiyo ananiitikia tu.

Ndiyo maana nakuandikia. Mimi moyo wangu haukubali kwamba ni wewe. Nafikiri walikulazimisha, au walikutisha, au waliigiza mwandiko wako. Niambie hivyo, Noa. Neno moja tu kwa mkono wako, kwamba sahihi si yako, au kwamba ulilazimishwa. Nitakuamini. Nitamwonyesha na yeye, na tutakwenda Dar es Salaam na karatasi hiyo, na mie mwenyewe nitasimama niseme. Na wewe utabaki mwanangu.

Nangoja kila siku basi linapofika.

Mwatumu


Chuoni,
9 Novemba 1957

Mama Mwatumu, shikamoo.

Barua yako nimeipata.

Mwalimu hakuwa mkutanoni. Zile Alhamisi alikuwa darasani na sisi, usimwulize tena.

Sahihi ni yangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Noa Shemhilu